Deki ya Kurekodi DVD Inapogoma: Dalili, Vyanzo na Matengenezo

Deki za bei nafuu za kurekodi DVD, zile zilizoenea majumbani katikati ya miaka ya 2000, bado zina kazi moja ambayo vifaa vipya vya sebuleni havijairithi: kuchukua picha kutoka kwenye kanda ya VHS, kamera ya zamani au king'amuzi na kuiandika kwenye diski moja kwa moja, bila kompyuta. Familia nyingi za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zina kanda za harusi, maulidi na mahafali za miaka ya 1980 na 1990 ambazo hazina nakala nyingine yoyote, na kwa familia hizo deki inayorekodi vizuri ni kifaa cha kutunzwa. Mwongozo huu unamhusu mwenye deki ya kawaida isiyo na diski kuu ya kuhifadhia (hard disk) ndani, ambayo imeanza kukataa kazi, naye angependa kujua chanzo kabla ya kuifikisha kwa fundi.

Hitilafu ya kurekodi hutokea mahali panne: kwenye umeme, kwenye picha inayoingia, kwenye diski, au kwenye mashine yenyewe. Watu wengi huanza na hapo pa mwisho. Mtu huambiwa kwamba lenzi imekufa, akalipia lenzi mpya, kumbe diski alizonunua ndizo mbovu au king'amuzi kilijizima usiku. Ili kuepuka gharama hiyo, tafuta kwanza vitu vitatu vya kufanyia majaribio: diski ya filamu ya kiwandani isiyo na mikwaruzo, diski moja mpya inayofutika, yaani DVD+RW au DVD-RW kulingana na nembo iliyo mbele ya deki, na waya wa AV, yaani wa picha na sauti, ambao umeuona ukifanya kazi kwenye kifaa kingine. Diski inayofutika ni ya lazima kwa sababu DVD-R na DVD+R zikishaandikwa haziandikwi tena mahali pale pale, na majaribio machache tu yanaweza kumaliza pakiti nzima.

Deki haiwaki, au inawaka na kuzimika

Deki isipoonyesha hata taa ndogo ya kusubiri, anza na plagi. Plagi za pini tatu bapa zinazotumika Tanzania, Kenya na Uganda zina fyuzi ndani yake, nayo hupimwa kwa mita mara moja. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya kiwango kile kile. Ikikatika tena papo hapo, kuna shoti ndani ya deki, na kuweka fyuzi kubwa zaidi ili ishikilie ni kukaribisha moto.

Soma pia kibandiko cha nyuma. Deki nyingi za soko la Marekani zimeandikwa volti 120 na hezi 60, na mara nyingi aliyeletewa na ndugu yake huichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 hadi 240. Kibandiko kikisema 100 hadi 240, hakuna tatizo. Kikisema 120 peke yake, deki inahitaji transfoma ya kushushia umeme, na kama ilishachomekwa bila transfoma, sehemu iliyoungua kwa kawaida ni pawa saplai, yaani sehemu inayopokea umeme na kuugawa ndani ya deki, ambayo fundi mzuri huweza kuitengeneza bila kugusa sehemu nyingine.

Dalili inayopotosha wengi ni ya deki inayowaka nusu: maandishi ya kioo cha mbele yamefifia, neno la kukaribisha linabaki palepale bila kuendelea, au deki inazimika kila inapoanza kuzungusha diski. Hapo watu hulaumu lenzi, ilhali chanzo huwa kapasita za pawa saplai, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji. Kapasita hizo zina maji ya kemikali ndani yake ambayo hukauka kwa joto la miaka mingi, hasa deki inapokaa juu ya king'amuzi au ndani ya kabati lisilopitisha hewa. Kuna kidokezo kimoja cha kuaminika: deki ambayo hukataa kuwaka asubuhi lakini huwaka baada ya kuachwa kwenye umeme kwa muda ni deki yenye kapasita zilizochoka, kwa kuwa joto huzisaidia kidogo. Kifuniko kikifunguliwa, kapasita mbovu huonekana kwa macho, maana kichwa chake, ambacho kinapaswa kuwa bapa, kimevimba kama chapati iliyopata moto, au kina utando wa kahawia pale ilipovuja. Ya kubadilishia iwe na mikrofaradi zile zile, volti zisizopungua zile za mwanzo, na kiwango cha joto cha nyuzi 105, wala si 85. Kapasita isiyovimba nayo inaweza kuwa imekufa, kwa hiyo ni afadhali kubadilisha kundi lote la upande wa volti ndogo kwa mara moja.

Onyo hapa ni la kweli, si la desturi. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hushikilia volti zaidi ya 300 na huweza kubaki nazo hata plagi ikishachomolewa. Asiyejua namna ya kuitoa chaji asifungue kifuniko.

Inacheza filamu vizuri, lakini hairekodi

Hii ndiyo dalili inayozungumzwa zaidi, na inaeleweka mara tu unapojua jinsi leza inavyofanya kazi. Kusoma diski kunahitaji mwanga mdogo tu; kuandika kunahitaji mwanga wenye nguvu mara nyingi zaidi, kwa sababu leza inapaswa kuibadilisha kwa joto rangi iliyo ndani ya diski. Leza iliyozeeka inaweza kusoma filamu kwa miaka mingine kadhaa huku ikiwa haina tena nguvu ya kuandika. Kwa hiyo kusema kwamba lenzi ni nzima kwa sababu deki inacheza filamu si hoja.

Fanya majaribio kwa mpangilio. Weka diski ya kiwandani, kisha diski inayofutika ambayo ilishaandikwa na kufungwa kwenye mashine nyingine. Diski zinazofutika hurudisha mwanga kidogo sana kuliko za kiwandani, pengine nusu yake au chini ya hapo, hivyo deki inayosoma filamu lakini ikashindwa kusoma diski hiyo ina lenzi chafu au leza iliyoanza kudhoofika. Weka pia sidii ya muziki. Leza ya sidii ina mawimbi ya nanomita 780 na ya DVD nanomita 650, na kwa kawaida hutoka kwenye daiodi tofauti. Deki inayocheza sidii na kukataa kila aina ya DVD huenda imepoteza leza ya DVD, na hapo kuisafisha hakutairudisha. Deki inayosumbua kwenye zote mbili ina uwezekano mkubwa wa kuwa na uchafu.

Usafishaji hufaa kuliko wengi wanavyodhani, hasa ukanda wa pwani, ambako unyevu wa chumvi na moshi wa jikoni huacha utando ambao vumbi hunata juu yake. Deki ikiwa imechomolewa, fungua kifuniko cha juu, kisha kifuniko cha bati cha sehemu ya diski, mpaka uione lenzi: kijitone kinachong'aa chenye rangi ya samawati, kilichoning'inizwa kwenye nyaya nyembamba sana ili kiweze kupanda na kushuka. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti safi ya isopropili, kikamue kisidondoke, kisha kizungushe juu ya lenzi kwa uzito wa kijiti chenyewe tu. Malizia kwa kijiti kikavu. Usitumie asetoni, petroli wala manukato, kwa kuwa lenzi hizi kwa kawaida ni za plastiki na huingia ukungu usiotoka. Diski za kusafishia zenye brashi ndogo chini yake siziungi mkono kwenye deki ya kurekodi, kwa sababu brashi hupiga lenzi kwa kasi bila kuondoa mafuta.

Baada ya kusafisha, rekodi dakika mbili kwenye diski mpya inayofutika. Ikiandika na kusoma, kazi imekwisha. Ikisoma kila kitu lakini ikasitisha kurekodi baada ya sekunde chache, leza ya kuandika imechoka. Kuibadilisha si sawa na kuchukua kiendeshi cha diski cha kompyuta na kukifunga mle ndani, kwani programu ya deki nyingi hutambua kiendeshi cha aina yake tu. Mara nyingi njia ya bei nafuu ni kutafuta deki nyingine mbovu ya modeli ile ile yenye kiendeshi kizima.

Diski inakataliwa, au inagoma karibu na mwisho

Deki ikiandika kwamba haitambui diski, linganisha jina lililo kwenye diski na nembo zilizo kwenye deki. DVD-R, DVD+R, DVD-RW, DVD+RW na DVD-RAM ni aina tofauti, na deki za awali hazikuzipokea zote. Diski za tabaka mbili za gigabaiti 8.5 hukataliwa na deki nyingi za bei nafuu. Ya kawaida ni ya gigabaiti 4.7. Kasi nayo huleta ugomvi: deki iliyotengenezwa wakati diski za kasi ya 4 au 8 ndizo zilizokuwapo inaweza kushindwa kuandika diski ya kasi ya 16, ingawa diski hiyo si mbovu.

Ubora wa diski hujionyesha pembeni. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingo ndio wenye kasoro nyingi za kiwandani na alama nyingi za vidole. Kwa hiyo harusi inayocheza vizuri kwa saa nzima kisha ikaanza kukwama na kupasuka vipande vya mraba, mara nyingi imeandikwa kwenye diski duni. Dalili hiyo ikitokea kwenye diski za pakiti moja na isitokee kwenye za pakiti nyingine, deki haina kosa. Usibandike karatasi yenye gundi juu ya diski unayotaka kuihifadhi, maana huivuta na kuipinda joto linapopanda.

Deki ikisema diski imejaa wakati umerekodi kidogo tu, angalia kiwango cha ubora. Kwa kiwango cha juu kabisa, XP, diski huchukua saa moja tu. SP ni saa mbili, LP saa nne, EP saa sita. Kufuta kipindi kwenye DVD-R hakurudishi nafasi, na vipande vifupi vifupi visivyohesabika vinaweza kufikia kikomo cha vipindi 99 kabla nafasi haijaisha.

Diski inacheza hapa tu, kwingine haisomeki

Kati ya matatizo yote hili ndilo linalopoteza kumbukumbu nyingi zaidi, ingawa kuliepuka ni kazi ya dakika chache. Deki inaporekodi kwenye DVD-R huacha diski wazi, bila ile orodha ya mwisho inayoziambia mashine nyingine vipindi vinaanzia wapi. Kuiandika orodha hiyo ni kuifunga diski, kazi ambayo menyu za deki huiita Finalize. Diski isiyofungwa huonekana tupu kwenye kompyuta na hukataliwa na deki za kuchezea tu, hali kila kitu kimo ndani yake. DVD+RW kwa kawaida haihitaji kufungwa. DVD-RW iliyoandikwa kwa mtindo wa VR, ambao si mashine zote huusoma, inaweza kukataliwa hata baada ya kufungwa, kwa hiyo kabla ya kurekodi ifomati kwa mtindo wa Video ikiwa itachezwa kwa jirani.

Ninasisitiza jambo moja: funga diski siku ile ile uliyoirekodi. Deki ikifa kabla ya kuifunga, diski hubaki bila mlango. Deki nyingine ya kampuni ile ile huweza kuifunga, na isipoweza, programu ya kompyuta iitwayo IsoBuster husoma diski ambazo hazijafungwa na kutoa picha zilizomo. Kwa hiyo asitupe mtu diski ya namna hiyo kwa kudhani kwamba ni tupu.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi au kufunga, usitoe diski. Umeme ukirudi, acha deki iwake yenyewe na isubiri, kwani nyingi hujaribu kutengeneza rekodi iliyokatika, na ujumbe wa kusubiri unaweza kukaa kioo kizima kwa dakika kadhaa. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, betri ya akiba kama ile ya kompyuta ni kinga bora kuliko stabilaiza peke yake, kwa sababu stabilaiza hurekebisha umeme mdogo na mkubwa lakini haiwezi kuufanya uwepo usipokuwepo.

Namba za kanda za dunia zinazowekwa kwenye DVD (region code), ambazo kwa Tanzania na Kenya ni namba 5, hazihusiki hapa. Zinazuia filamu za kiwandani, si rekodi za nyumbani. Mfumo wa picha ndio unaohusika, maana diski iliyorekodiwa kwa NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, kwenye deki ya huko inaweza kuonekana bila rangi au ikiruka kwenye televisheni ya zamani ya PAL, mfumo wa kwetu.

Hakuna picha, au picha ina kasoro

Mwenye deki anayetafuta chaneli kwa antena na kupata chenga tupu asiifungue deki. Utangazaji wa analogia ulianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilifuata mwaka 2015. Kitafuta chaneli kilichomo ndani ya deki za analogia hakina cha kukipata tena. Picha sasa hutoka kwenye king'amuzi kupitia nyaya za njano, nyekundu na nyeupe, na deki lazima iwekwe kwenye njia hiyo, inayoandikwa AV au L1. Soketi ya HDMI ya king'amuzi haisaidii, kwani deki hizi hazina mahali pa kuipokea.

Ving'amuzi vingi vidogo vina tundu moja la duara la AV badala ya matundu matatu. Hapo hujificha kosa ambalo hata mafundi hulisumbukia: waya wa tundu hilo una miguso minne, na watengenezaji hawakuipanga kwa namna moja. Waya wa king'amuzi kimoja ukitumika kwenye kingine unaweza kutoa mngurumo, picha inayoviringika, au sauti bila picha. Jaribu kuchomeka plagi ya njano kwenye matundu mengine mawili ya deki. Picha ikitokea kwenye lile jekundu, waya una mpangilio tofauti, nayo deki ni nzima.

Picha isiyo na rangi ina vyanzo viwili vikuu. Ama mfumo uliochaguliwa kwenye menyu si ule wa kifaa kinacholeta picha, ama kifaa kinatoa S-Video, ambayo hutenganisha mwanga na rangi, huku deki ikitarajia waya wa njano, hali inayotokea sana kwenye deki za Uingereza zenye soketi ya SCART, lile tundu pana la pini nyingi.

Kanda za VHS zina tabia yake. Kanda ya filamu ya dukani inaweza kuifanya deki iseme kwamba kurekodi kumekatazwa, na hilo ni kinga ya hakimiliki, si ubovu. Lakini kanda ya nyumbani iliyochoka nayo huweza kuleta ujumbe ule ule, kwa sababu mistari ya juu ya picha imevurugika na deki ikaidhania kuwa ni alama ya kinga. Safisha vichwa vya mashine ya VHS, rekebisha trakingi, ipeleke kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha, kisha jaribu tena. Kanda yenye unga mweupe kwenye ukingo wa utepe ina kuvu; usiicheze kabla ya kusafishwa, la sivyo kuvu itahamia kwenye vichwa na kwenye kila kanda itakayofuata.

Kanda ya E-180 ina saa tatu, nayo diski kwa SP ni saa mbili. Wengi huchagua LP ili ienee, bila kujua kwamba deki nyingi hapo hupunguza nukta za upana kutoka 720 hadi 352. Ikiwa deki ina ubora wa FR, unaojipima kulingana na muda, utumie. Isipokuwa nao, gawa kanda kwenye diski mbili.

Kurekodi kwa ratiba kunashindwa

Deki huhesabu saa kuanzia saa sita usiku. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku huandikwa 20:00, na kipindi cha saa moja na nusu asubuhi huandikwa 07:30. Aliyeandika 02:00 amerekodi saa nane usiku. Zima pia kipengele cha saa kujipanga yenyewe, kwa kuwa kilitegemea mawimbi ya analogia. King'amuzi nacho kiachwe kikiwaka kwenye chaneli husika, na kipengele chake cha kujizima baada ya saa kadhaa bila kuguswa kizimwe kwenye menyu yake, maana deki haiwezi kukiwasha.

Trei haitoki

Mara nyingi ni mkanda mdogo wa mpira uliolegea au kuyeyuka kwa joto. Unauzwa kwa fundi yeyote wa redio, na kuubadilisha ni kazi nyepesi.

Leza ikifa kabisa

Usiitupe deki hata hapo. Baadhi yake, na Panasonic DMR-ES10 inajulikana hasa kwa hilo, huipitisha picha inayoingia kwenye saketi za kidijitali na kuitoa ikiwa imetulia, hata zikiwa hazirekodi chochote. Ukiunganisha mashine ya VHS kwenye deki ya namna hiyo, kisha deki kwenye kifaa cha kunasa picha cha kompyuta, kanda iliyokuwa ikipinda juu ya picha hunyooka, na rekodi huingia moja kwa moja kwenye kompyuta bila diski kuhitajika.